Wino Huenda Wapi Gazeti Likifuliwa?

Mwaka 2016, Jumamosi moja ya mwezi wa sita, tulisafisha stoo ya gazeti nililokuwa nafanyia kazi. Kodi ilikuwa imepanda, ofisi inahamia jengo dogo zaidi, na stoo imejaa magazeti ya zamani hadi darini. Mnunuzi wa makaratasi chakavu alikuja na kirikuu na mizani ya kuning'iniza. Vijana wawili walikuwa wakibeba, mimi nafunga kamba, mnunuzi anapima, mhasibu anaandika kilo. Gari lilikwenda safari nne. Jioni hela ile ilinunua chai na mishikaki ya ofisi nzima, nami nilikula mitatu.

Mwaka uliofuata mama mmoja alifika mapokezini na kikaratasi mkononi. Niliitwa mimi kwa kuwa ndiye niliyekuwa nimekaa karibu na mlango.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimeambiwa nyie magazeti yenu yote mnayaweka."

"La mwaka gani, mama?"

"Elfu mbili na tatu. Mwezi wa tisa. Lina tangazo la mirathi ya baba watoto."

Nilibaki nimemtazama. Kulikuwa na kiwanja, kulikuwa na shemeji aliyeibuka na madai yake, na mama yule alitaka kuonyesha kwamba miaka ile tangazo lilitolewa hadharani na hakuna aliyejitokeza kupinga. Nilimwambia magazeti hayapo. Sikumwambia kwamba kamba nilishika mimi.

Tangu siku hiyo nimekuwa na swali ambalo mwanzoni niliona ni la kitoto: wino ule ulikwenda wapi? Karatasi najua. Karatasi hurudi kiwandani, husagwa ikawa uji, ikatoka tena kama boksi la mayai, karatasi ya chooni au gazeti jingine. Lakini maneno je? Jina la marehemu, tarehe, namba ya shauri mahakamani? Nilianza kusoma, na nilichokuta ni historia ndefu kuliko nilivyodhani. Ni historia ya watu waliotaka karatasi bila kutaka kilichoandikwa juu yake.

Tuanzie nyumbani. Waliosoma chuoni zamani huku pwani wanaukumbuka ubao. Mwalimu anaandika aya kwa wino wa masizi, mtoto anasoma mpaka inakaa kichwani, kisha ubao unaoshwa na kuandikwa aya nyingine. Na wengi tunakijua kombe: maneno ya Kurani yanaandikwa kwa zafarani kwenye sahani, yanaoshwa kwa maji au marashi ya waridi, na mgonjwa anayanywa. Katika desturi zote mbili wino unafutwa, ila maneno yana mahali pa kwenda: kwenye kumbukumbu ya mtoto au mwilini mwa mgonjwa. Hakuna anayeosha ubao kabla mtoto hajahifadhi. Naomba uliweke hilo kando, nitalirudia.

Kwingineko walifuta kwa kukwangua. Huko Konstantinopoli, katika karne ya 10, mwandishi mmoja alinakili kwa mkono kazi za Archimedes, yule mwanahesabu wa Kigiriki, kwenye ngozi. Mwaka 1229 kasisi mmoja alihitaji kitabu cha sala. Ngozi ilikuwa ghali, na hesabu za Archimedes hazikuwa na msomaji. Basi kurasa zilioshwa, zikakwanguliwa, zikakunjwa upya, na sala zikaandikwa juu yake. Mwaka 1906 mtaalamu wa Denmark, Johan Ludvig Heiberg, aliona mistari hafifu chini ya zile sala akatambua ni nini. Kitabu kile kiliuzwa mnadani New York mwaka 1998 kwa dola milioni 2, kikapelekwa Jumba la Sanaa la Walters huko Baltimore, na baadaye wanasayansi wakakipiga miale ya eksirei inayotambua chuma. Wino wa zamani wa Ulaya ulikuwa na chuma ndani yake. Wino ulikwanguliwa, lakini chuma kilikuwa kimeshazama kwenye ngozi. Ndivyo baadhi ya kazi za Archimedes zisizopatikana kwingine popote katika Kigiriki chake zilivyotufikia.

Unaona tofauti? Ngozi ikikwanguliwa inabaki ngozi ileile. Karatasi ikirudishwa kuwa uji haibaki chochote. Aliyekwangua Archimedes alikuwa mharibifu mzembe, na uzembe wake ndio uliotuokoa. Kiwanda cha karatasi si kizembe.

Wajapani ndio walionishangaza zaidi. Mfalme Seiwa alifariki mwaka 880. Mmoja wa wake zake, wa ukoo wa Fujiwara, alikusanya barua ambazo mfalme alimwandikia enzi za uhai wake, akaagiza zisagwe na kufanywa karatasi mpya, kisha juu ya karatasi hiyo zikanakiliwa sutra, maandiko ya Kibudha, kwa ajili ya roho ya marehemu. Huyu hakuwa na shida ya karatasi. Alikuwa na msiba. Na wino wa Kijapani ni masizi na gundi. Masizi hayatoki kirahisi, kwa hiyo karatasi zilizorudiwa za namna hiyo hutoka za kijivu. Wajapani wana jina lake, usuzumigami, karatasi ya wino hafifu. Baadaye kiwanda cha kasri ya mfalme kule Kyoto kiliitengeneza kwa wingi na amri za mfalme ziliandikwa juu yake. Kwa mjane yule, maneno ya mumewe yalikuwa hayasomeki tena lakini hayakuondoka. Yalikuwa ndiyo rangi ya karatasi.

Ulaya waliokuja baadaye hawakuitaka rangi hiyo. Kabla ya karne ya 19 karatasi yao ilitengenezwa kwa matambara ya kitani na pamba, na vitabu vilivyozidi kuchapishwa, matambara yalizidi kuadimika. Wanunuzi wa nguo chakavu walizunguka nyumba kwa nyumba, kama hawa wetu wanaopita wakiita vyuma chakavu. Mwaka 1774, huko Göttingen nchini Ujerumani, Justus Claproth alitoa kijitabu kuhusu namna ya kutengeneza karatasi mpya kutokana na karatasi iliyochapwa. Claproth hakuwa mkemia wala fundi wa karatasi. Alikuwa profesa wa sheria, mtu wa mafaili na hukumu, nami nashawishika kuamini kwamba alichoshwa na marundo ya makaratasi mezani kwake. Akishirikiana na mwenye kiwanda kimoja jirani, aliipondaponda karatasi chakavu na kuiosha kwa udongo ule ambao mafundi wa sufu waliutumia kunyonya mafuta kwenye nguo. Kijitabu chenyewe kilichapwa kwenye karatasi ya namna hiyo, ili msomaji ajionee.

Kwa nini udongo wa kunyonya mafuta? Kwa sababu wino wa kuchapia si ule wa ubao wa chuoni. Tangu Gutenberg, katikati ya karne ya 15, wino wa matbaa ni masizi yaliyochanganywa na mafuta ya mbegu za kitani yaliyochemshwa. Yakikauka hugeuka ngozi ngumu inayoshika nyuzi za karatasi. Maji peke yake hayafui kitu. Mwaka huohuo wa 1774 Mswidi Carl Wilhelm Scheele alipata gesi ya klorini, na baada ya miaka michache dunia ikajua kwamba klorini hung'arisha kitambaa. Lakini masizi ni kaboni, na kaboni haijali klorini. Unaweza kung'arisha karatasi mpaka ichakae, herufi zikabaki nyeusi vilevile. Hapo ndipo fumbo lote lilipo: wino wa kuchapia haubabuliwi, sharti ung'olewe.

Aliyejaribu kulifanya jambo hili kuwa biashara alikuwa Matthias Koops, jijini London. Mwaka 1800 alipewa hataza ya kuondoa wino kwenye karatasi zilizochapwa na zilizoandikwa, akafungua kazi katika kiwanda cha Neckinger, Bermondsey. Mwaka huohuo alichapisha kitabu cha historia ya vitu ambavyo binadamu ameviandikia, akakitoa kwa Mfalme George III, na toleo la pili la mwaka 1801 lilichapwa kwenye karatasi iliyotolewa wino. Kisha akajenga kiwanda kikubwa zaidi cha karatasi ya majani makavu ya nafaka, akaelemewa na madeni, na kufikia mwaka 1804 mali ya kiwanda ilikuwa inapigwa mnada. Nampenda Koops. Alikuwa sahihi kwa miaka mia na ushee kabla ya wakati wake, na kuwa sahihi mapema mno ni njia mojawapo ya kufilisika.

Kilichomzima yeye na wenzake ni mti. Mwaka 1844 Friedrich Gottlob Keller huko Saxony aliweza kutengeneza karatasi kwa kusaga mbao kwenye jiwe la kunolea, na kabla karne haijaisha misitu ilikuwa inageuzwa magazeti. Karatasi ikawa rahisi. Magazeti ya senti yakaenea. Huku kwetu ukaja *Msimulizi* wa wamisionari Zanzibar mwaka 1888, kisha *Kiongozi* wa Tanga mwaka 1904, kisha *Mambo Leo* mwaka 1923. Gazeti likawa kitu cha asubuhi moja: mchana unafungia samaki, jioni unawashia mkaa. Mti ulipokuwa wa bure, nani angehangaika kufua wino?

Jibu ni kwamba aliyehangaika alikuwa mwandishi wa habari, au tuseme bosi wa waandishi. Richard Scudder alikuwa mchapishaji wa *Newark News* huko New Jersey, Marekani, gazeti la familia yake. Karatasi ilikuwa inamla hela, na kila siku mji wake ulikuwa unatupa tani za karatasi hiyohiyo. Mwaka 1961 kampuni yake ya Garden State Paper ilianza kazi mjini Garfield, ikitengeneza karatasi ya magazeti kutokana na magazeti ya zamani. Gazeti lenyewe lilifungwa mwaka 1972. Kiwanda cha kufuta magazeti kiliishi miaka mingi kuliko gazeti. Sijui nicheke au nini, maana ninafanya kazi hiihii.

Katika miaka hiyo njia ya kufua wino ilikwishatulia, na mpaka leo viwanda vingi vinaifuata. Magazeti yanaloweshwa kwenye pipa kubwa lenye maji ya moto, kostiki, sabuni na haidrojeni peroksaidi. Kostiki inavimbisha nyuzi na kuvunja mafuta ya wino. Kisha, kwa mbinu iliyoazimwa kwa wachimba madini, hewa inapulizwa kutoka chini. Wino haupendi maji, unapenda kiputo cha hewa, hivyo unapanda nacho mpaka juu na kufanya povu jeusi. Povu linaenguliwa. Ukishawahi kuona mtu akiengua povu la supu ya makongoro, umeshaelewa uhandisi wote. Tatizo ni kinachobaki nyuma: maji makali yenye kostiki na uchafu ulioyeyuka, ambayo lazima yasafishwe kwa gharama kubwa, la sivyo mto ulio karibu unalipa.

Halafu ikaja printa. Mwaka 1938, katika chumba cha kupanga huko Astoria, New York, Chester Carlson alifanikiwa kunakili maandishi kwa umeme na unga mkavu. Mwaka 1959 mashine ya kwanza kubwa ya fotokopi ya Xerox iliingia maofisini, na miaka ya 1980 printa za leza zikawa juu ya meza za watu. Unga wa fotokopi si wino. Ni plastiki yenye rangi, inayeyushwa kwa joto na kugandishwa kwenye karatasi. Ukiiweka kwenye pipa la kostiki, ule unga hauvunjiki kuwa chembe ndogo. Unabanduka kama magamba bapa, mengine yameng'ang'ania nyuzi, mazito kuliko kiputo kinavyoweza kubeba. Karatasi inayotoka ina madoa meusi kama mchele uliojaa chuya. Cha ajabu ni kwamba karatasi ya ofisini ndiyo yenye nyuzi bora kuliko ya gazeti. Mali ilikuwepo, ila haifuliki.

Suluhisho lilikuwa limelala kwa nusu karne kwenye hema lililooza.

Mwaka 1944 jeshi la Marekani lilikuwa kwenye visiwa vya Solomon, Bahari ya Pasifiki, likipigana na Wajapani na pia na unyevu. Mahema, mikanda na sare za pamba zilikuwa zikioza kwa wiki chache. (Mwaka huohuo askari wa King's African Rifles, wakiwemo babu zetu, walikuwa kwenye mvua za Burma, nao wangeweza kuieleza hadithi hii vizuri.) Sampuli zilitumwa Marekani zichunguzwe, na kutoka kwenye pamba iliyooza kule Bougainville wataalamu wakatenga kuvu mmoja wakampa namba QM6a. Elwyn Reese na baadaye Mary Mandels wakamchunguza kwa miaka mingi katika maabara ya jeshi, hatimaye kule Natick, Massachusetts. Lengo la kwanza lilikuwa kumzuia. Lakini kadiri walivyomsoma ndivyo walivyoona kwamba kuvu yule ana kipaji: anatoa vimeng'enya vingi vinavyokata selulosi, yaani kitu kilekile ambacho pamba, mti na karatasi vimefumwa nacho. Miaka ya 1970, mafuta ya petroli yalipopanda bei, maabara ile ilikuwa ikivitumia vimeng'enya hivyo kugeuza magazeti ya zamani kuwa sukari. Mwaka 1977 kuvu alipewa jina la *Trichoderma reesei*, kwa heshima ya Reese. Ni nadra mtu kupewa heshima kwa jina la adui aliyetumwa kumuua.

Kimeng'enya ni nini? Ni protini inayofanya kazi moja kwa haraka, kama funguo moja ya kufuli moja. Mate yako yanacho kimoja kinachovunja wanga, ndiyo maana ugali ukiutafuna muda mrefu unaonja utamu. Sabuni za unga zinavyo. Na zile jinzi zilizopauka kwa makusudi, nyingi hazikupigwa mawe tena, zimeoshwa kwa selulasi, kimeng'enya kinachokwangua juujuu ya uzi wa pamba na kuondoka na rangi ya bluu.

Ukishaielewa jinzi umeielewa na karatasi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watafiti wa Korea Kusini walikuwa miongoni mwa wa kwanza kutoa taarifa kwamba selulasi inaweza kung'oa wino. Marekani nako palikuwa na msukumo: Oktoba 1993 Rais Bill Clinton alitia saini agizo kwamba karatasi za kuandikia na kuchapia zinazonunuliwa na serikali kuu ziwe na angalau asilimia 20 ya nyuzi za karatasi zilizokwisha kutumika. Ghafla kila mtu alitaka kufua fotokopi. Maabara ya Mazao ya Misitu kule Madison, Wisconsin, ambako Thomas Jeffries na wenzake walikuwa wakifanya kazi, ilijaribu vimeng'enya kwenye karatasi za ofisini na kupata matokeo mazuri.

Namna inavyofanya kazi ni ya upole. Kimeng'enya hakiugusi wino kabisa. Masizi hakiyawezi, plastiki hakiiwezi. Kinachofanya ni kukata vinyweleo vidogo vya selulosi vilivyo juu ya uzi wa karatasi, vile ambavyo wino umevishika. Mkono ukiachia, mtu anaanguka. Gamba la plastiki nalo likiisha kunyolewa vinyweleo vilivyoliganda, linakuwa jepesi na kiputo kinalibeba. Kuna vingine vya msaada: amilasi inakula wanga uliopakwa karatasi za ofisini, lipasi inavunja wino wenye mafuta ya mimea. Kazi inafanyika kwenye maji ya uvuguvugu wa nyuzi 50 hivi, yasiyo makali, kwa hiyo kostiki inapungua sana na maji yanayotoka hayana ukali ule. Ukizidisha, hata hivyo, kimeng'enya kinaendelea kula. Kinafupisha nyuzi, karatasi inakuwa dhaifu. Na nyuzi zenyewe hazina maisha ya milele, takribani mara tano hadi saba za kurudiwa kisha zinakuwa fupi mno. Dawa hii, kama dawa nyingine, ni kipimo.

Sisi tumo pia kwenye hadithi hii, na si kama wanunuzi wa karatasi ya chooni tu. Maziwa ya magadi ya Bonde la Ufa, Kenya, yana viumbe vidogo vinavyoishi kwenye maji makali ambayo yangeiua mimea ya kawaida, na vimeng'enya vyake vinavumilia ukali huo. Miaka ya 1990 sampuli zilichukuliwa huko na vimeng'enya vikaishia kwenye sabuni na kwenye kupausha jinzi. Mwaka 2004 Shirika la Wanyamapori la Kenya, KWS, lilitangaza hadharani kwamba linadai fungu lake. Mwaka 2007 shirika hilohilo liliingia makubaliano na Novozymes ya Denmark, na miongoni mwa yaliyokuwemo ni malipo kwa ajili ya kimeng'enya kimoja chenye asili ya Kenya kinachopunguza klorini inayohitajika kung'arisha uji wa mbao viwandani. Kidudu cha Kenya kinasafisha karatasi ya Ulaya. Najua hesabu ya nani kafaidika kwa kiasi gani ni ndefu, lakini angalau siku hiyo jina la mahali kilipotoka liliandikwa kwenye mkataba.

Na ndipo ninaporudi kwa mama yule.

Kwa muda fulani nilitaka kuichukia teknolojia hii. Niliona Wajapani walikuwa waungwana zaidi, maana karatasi yao ya kijivu haikudanganya, ilionyesha kwamba imewahi kuwa kitu kingine. Sisi tunataka karatasi nyeupe kana kwamba haijawahi kuandikwa. Lakini huo ni ujinga wa mtu anayejitafutia pa kutupia lawama. Mto usiopokea kostiki ni mto bora. Mti usiokatwa ni mti bora. Mtu yeyote aliyeona moshi wa jalala linalochoma makaratasi na nailoni pamoja atakwambia kwamba kufua karatasi ni jambo jema, na kulifua kwa kuvu badala ya kemikali kali ni jema zaidi. Kimeng'enya hakina kosa. Hakisomi.

Kosa lilikuwa kabla ya mizani. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, nasi tulikuwa tumeuza daftari lenyewe. Tungeweza kutenga nakala moja ya kila siku, moja tu, tukauza zilizobaki. Kwenye stoo ile kulikuwa na toleo la siku moja nakala kumi, kumi na tano. Tungejaza rafu mbili. Ingetugharimu labda mishikaki ya watu watatu. Hakuna aliyesema tusiweke, ni kwamba hakuna aliyeuliza, na mimi niliyekuwa na kamba mkononi, niliyesoma chuo kikuu na kufundishwa kwamba gazeti ni rasimu ya kwanza ya historia, sikuuliza.

Mama alihangaika. Nilimsindikiza kwenye maktaba moja ya umma. Majalada ya mwaka 2003 yalikuwepo, mwezi wa tisa ulikuwepo, toleo la siku yake halikuwepo. Baada ya miezi saba nakala ilipatikana ndani ya faili lenyewe la mirathi mahakamani, ambako karani fulani mwaka 2003 alikuwa amekata tangazo lile kwa mkasi na kulibandika kwa gundi. Karatasi ilikuwa imegeuka njano na kingo zinakatika, lakini wino, masizi na mafuta, ulikuwa mweusi vilevile. Mama alinipigia simu kunijulisha. Aliniombea dua ndefu, na katika ile dua yote mimi nilikuwa namfikiria karani yule.

Siku hizi niko chumba kingine cha habari. Makaratasi chakavu tunauza, kila miezi mitatu, na mnunuzi wetu anasema yanakwenda kiwandani kufuliwa. Nafurahi yanakwenda huko. Ila siku ya kupima mimi hufika mapema, kabla ya mizani, natoa nakala moja ya kila tarehe naziweka kwenye maboksi na kuandika mwezi na mwaka kwa kalamu ya wino mzito. Wenzangu wananitania kwamba naokota taka. Nawaambia ubao hauoshwi kabla mtoto hajahifadhi. Wengine wanacheka. Mmoja, binti wa mapokezi, siku hizi ananisaidia kubeba maboksi.